Siku Gari Lilipokataa Kuzima

"Sijakukataza kufungua gari lako, Baba Ursula," Dorkas alikuwa anasema kutoka upande wake wa minyaa. "Nimesema oili yako chafu isinifuate huku. Kiwanja chako kiko juu, changu kiko chini. Au hilo nalo mpaka uletewe barua?"

Apolinary alikuwa chali chini ya Landrova, kilichoonekana ni miguu yake na kandambili moja. Akajibu kutoka huko huko chini kwamba ametega karai. Dorkas akasema karai analiona, na tundu la karai analiona, na mchicha wake uliogeuka rangi ya tumbaku anauona pia. Halafu hizo nguzo tatu za mkaratusi, alizozisimamisha na kuzifunga vichwa pamoja kama watu wanaosengenya, zikianguka zitaangukia wapi kama si jikoni kwake? Apolinary akasema haziwezi kuanguka. Dorkas akasema hata hilo gari watu walisema haliwezi kuwaka.

Apolinary akarudi kwenye bolti yake, maana alijua maneno yanakokwenda.

"Gari la kusukumwa mwaka mzima," Dorkas akaendelea, sauti imepanda kidogo ili na wa nyumba ya tatu asikose. "Lilikuwaga linazimika Bweri, linazimika sokoni, linazimika mbele ya kanisa watu wakitoka. Siku ya kuleta askari kwangu, siku hiyo moja tu, likatembea kama limetoka kiwandani jana."

Akamwaga maji ya vyombo kwenye minyaa, upande wa Apolinary, akaingia ndani.

Mtaa mzima wa Kamunyonge haukuwa na asiyejua habari hiyo, isipokuwa Ngolo, aliyehamia juzi kutoka Bunda na marobota yake ya mitumba. Ilikuwa hivi. Mwaka themanini na tatu, sabuni ilipokuwa inatafutwa kama dawa na sukari inapimwa kwa kikombe cha kahawa, serikali iliwasaka walanguzi. Burito, mume wa Dorkas, alikuwa na katoni kumi na moja za sabuni ya mche chini ya kitanda na doti za kanga juu ya dari. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unanunua kwake kwa mlango wa nyuma. Askari walipokuja kumchukua hawakuwa na gari, la kwao halikuwa na mafuta. Wakaazima la ofisi moja ya mambo ya pamba, pamoja na dereva wake, na dereva alikuwa Apolinary. Burito akatolewa na fulana ya ndani mbele ya mtoto wake Enoka na wadogo zake, akapandishwa nyuma ya Landrova ya jirani yake, sabuni zikapangwa miguuni pake. Alikaa ndani miezi saba.

Hakuna aliyesema Apolinary ndiye aliyemchongea. Lingekuwa hilo, angeapa, angekwenda kwa padri, wazee wangekaa na mambo yangeisha. Watu walisema jambo dogo zaidi, ambalo halikuwa na pa kulishikia: kwamba gari halikuzima. Miaka ile kila dereva wa ofisi alijua kuzimisha gari. Unasimama, unafungua boneti, unajifanya unatazama plagi, unalegeza waya mmoja, unarudi kwenye usukani na uso wa msiba. Walifanya hivyo bosi akitaka kupelekwa shambani kwake Jumapili. Walifanya hivyo wakiwa na mgeni nyumbani. Apolinary alikuwa bingwa wa mambo hayo, na alikuwa ameyasimulia mara nyingi kwa kicheko kwenye benchi la Burito mwenyewe, enzi hizo wakila sahani moja.

Basi hawakumtukana. Waliacha tu kuja. Salamu zilibaki, lakini zilikuwa salamu za mtu anayepita, asiyeweka chini mzigo wake. Mke wake, Eufrasia, alikuwa mtu wa watu. Nyumba yake ilikuwaga haikosi viatu mlangoni, huyu kaja kuomba chumvi, huyu kaja kusukwa, huyu hana analolitaka ila kukaa. Viatu vikaisha. Bombani wanawake walikuwa wakimwona anakuja wanakumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Alivumilia miaka miwili. Kisha akafunga mzigo akaenda Suguti kwa kaka yake, akasema ni kupanda mihogo, msimu mmoja.

"Nitarudi siku nitakayosikia mtu mwingine amekula kwenye hii nyumba," alimwambia mume wake akiwa tayari amesimama barabarani. "Mimi na wewe tunatafuna kama tuko wodini."

Msimu ule ulikuwa umezaa msimu mwingine, na mwingine. Ursula, binti yao, alikuwa ameolewa Mwanza. Apolinary akabaki na redio, na redio yenyewe mawe ya betri yakiisha alikuwa anaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Zikaja zama za ruksa, biashara ikawa huru. Sabuni zikarudi na rangi zote, na Burito akafungua duka lenye dirisha kubwa, akapanga mezani kile kile alichofungiwa. Ofisi ya Apolinary nayo ikapunguza watu, ikapiga mnada magari mabovu pale Bunda. Kiinua mgongo kilipochelewa, Apolinary akakubali kupewa gari badala yake. Alipewa lile lile. Lilivutwa na trekta kutoka Bunda mpaka mlangoni pake, injini imepasuka ubavu, na watu wakasema huyu mtu kaleta ushahidi nyumbani.

Lakini Apolinary alikuwa na hesabu yake. Injini alipata Butiama, kwa mtu ambaye Landrova yake ilibingirika korongoni ikafa nyuma, mbele ikabaki nzima. Akampa mtamba, akapewa injini na giaboksi. Gari likipona litabeba dagaa na abiria wa Suguti, na siku ya kwanza litakwenda kumchukua Eufrasia. Hiyo ndiyo hesabu aliyoweza kumwambia mtu. Nyingine alikuwa nayo moyoni. Injini haiwezi kunyanyuliwa na mtu mmoja, na huku kazi nzito haifanywi kwa kibarua. Unapita jioni mlango kwa mlango, unasema kesho nina kazi. Hutaji malipo kwa sababu malipo yanajulikana: watu watanyanyua, watanawa, watakaa chini, watakula kwako. Hata mwenye kinyongo akishaweka bega lake, anakula. Apolinary alikuwa anaitamani ile injini kwa uzito wake.

Ya zamani aliitoa peke yake, ili nguvu za watu azitunzie mpya. Ilimchukua wiki tatu. Alitoa boneti akaiegemeza ukutani, akatoa rejeta, akamwaga maji na oili, hiyo oili iliyomkera Dorkas. Kila waya aliufunga uzi, mwekundu wa stata, mweupe wa taa, ili asipotee wakati wa kurudisha. Akang'oa viti na sakafu ya mbele, akafungua propela, ile fimbo ya kupeleka nguvu nyuma, akaitoa giaboksi kupitia mlangoni juu ya mbao mbili, akiibembeleza kama anamshusha mgonjwa. Mara nyingi alijikuta anasema "shika hapo" na kunyoosha mkono nyuma bila kutazama, akisubiri spana. Mkono ulikaa hewani mpaka akakumbuka. Injini yenyewe aliifungua kichwa kwanza iwe nyepesi, akaining'iniza kwenye zile nguzo tatu kwa kamba mbili, katikati ya kamba amepitisha mpini wa jembe. Ukizungusha mpini kamba zinasokotana, zinafupika, mzigo unapanda kidogo kidogo. Halafu akalisukuma gari kinyumenyume kwa mtaimbo, kidole kwa kidole, mpaka likatoka chini ya mzigo.

Giaboksi ya Butiama aliiingiza kwa njia ile ile ya mbao. Injini ilikuwa bado barabarani, pale lori lilipoishusha, imefunikwa turubai.

Jumatatu jioni alioga, akavaa shati, akapita milango tisa. Kila mahali alisema maneno yale yale, kesho nina kazi. Kwa Burito alisimama nje ya dirisha la duka. Burito alikuwa anafunga sukari kwenye magazeti. Hakuinua macho. Alisema, "Nimesikia." "Nimesikia" si "nitakuja", lakini yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa miaka minne, na Apolinary alirudi nayo nyumbani akiyageuzageuza.

Jumanne aliamka na kazi mbili, ya fundi na ya mama wa nyumbani. Alikuwa amenunua sato wanne wakubwa mwaloni kwa wavuvi, na unga wa muhogo uliochanganywa na mtama. Akawasha moto, akaweka samaki, akaenda barabarani kwenye injini kufunga klachi. Sahani ya klachi inakaa nyuma ya injini, inabanwa na bolti sita, na katikati yake ndipo itakapoingia shafti ya giaboksi. Alikuwa amechonga kijiti cha mpera unene wa ile shafti, cha kuinyooshea sahani isikae upande. Alikuwa ameshaishika sahani mkononi aliponusa samaki wanaungua. Akaitupa juu ya gunia, akakimbia. Akageuza samaki, akapunguza kuni, akarudi, akaiokota sahani, akaiweka, akakaza bolti mbili, maji ya ugali yakaanza kurusha kifuniko. Akakimbia tena. Akarudi akamalizia zile nne mbio mbio, maana watu walikuwa wameanza kutokea.

Walikuja watatu. Rafaeli, mzee wa kigango. Bernado, fundi seremala. Na Ngolo wa mitumba, ambaye alikuja anacheka na mikono ya shati ameshaikunja. Burito hakuja. Walipitisha miti miwili kwenye kamba, wanne wakaweka mabega, Apolinary wa nne. Rafaeli akahesabu. Injini ikaondoka chini, na Apolinary akasikia pumzi ya Bernado sikioni mwake, na jasho la watu watatu, na mguu wa Ngolo unaomkanyaga, na Ngolo akisema samahani mzee, na akatamani barabara ingekuwa ndefu. Wakaivusha uani, wakaipandisha juu ya bampa, wakaishusha mahali pake. Shafti ilikataa mara mbili, mara ya tatu ikaingia kwa sauti nzito, watu wakasema aah. Kazi yote haikufika saa moja.

Apolinary akaleta maji ya kunawa na mkeka.

Bernado akasema amefunga. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nane, Kwaresima imeshapita zamani. Rafaeli akasema asante sana, lakini mama watoto amemwambia asichelewe, amekwishapakua. Ngolo alikuwa ameshanawa na kukaa, mkono unaelekea kwenye ugali. Rafaeli akamwinamia, akamwambia maneno machache sikioni, kisha kwa sauti akamwambia twende nikuonyeshe ile fremu ya duka. Ngolo alimtazama Rafaeli, akamtazama Apolinary, akauondoa mkono wake taratibu. Akaaga kwa heshima zote. Akatoka na mikono yenye maji.

Sato wanne walibaki kwenye sinia, macho meupe. Apolinary alikaa mbele yao muda. Hata yeye hakula, kwa sababu angekula ingekuwa kweli kwamba chakula kile kilikuwa cha mtu mmoja. Alifunika sinia akarudi kwenye gari. Alirudisha nyaya akifuata nyuzi zake, akarudisha rejeta, akajaza maji na oili, akaweka sakafu na kiti. Jioni alikaa kwenye usukani, akawasha.

Injini ikaitikia, nzito na safi. Vichwa vikatokea juu ya minyaa. Hata Dorkas alitoka na mwiko mkononi. Apolinary akakanyaga klachi, akasukuma gia.

Ilitoka sauti ya mawe yanayosagwa na meno. Akatoa, akajaribu tena, ikawa vile vile. Mahali fulani mtu alicheka kicheko kifupi. Apolinary akazima, akabaki ameshika usukani. Alijua palepale. Sahani ya klachi ina mbele na nyuma, kama shati, na yeye alikuwa ameivalisha kinyume alipokuwa anakimbilia moshi. Dereva na fundi wa magari kwa miaka ishirini na saba. Angekuwepo mtu wa kutazama samaki, au mtu wa kushika sahani tu, lisingetokea.

Injini ilibidi ivutwe mbele tena, na kazi ya kuitana haiitiwi mara mbili. Ukimwita mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya, hata rafiki yako atakuuliza kama unamchezea. Na hao hawakuwa rafiki.

Asubuhi alianza peke yake. Rejeta nje, nyaya nje, bolti za giaboksi moja moja. Aliitundika injini kwenye nguzo zake, akapitisha mpini. Shida ilikuwa moja: mtu mmoja hawezi kuwa juu na chini ya gari kwa wakati mmoja. Alikuwa anazungusha mpini nusu duara, anaufunga, anashuka kuchokonoa na mtaimbo, anapanda, anazungusha tena. Injini ilikuwa imeshasogea upana wa vidole vinne, uzito bado umelalia kwenye shafti, kifundo alichofungia mpini kilipofunguka.

Aliudaka mpini kwa mikono miwili na kifua. Ulitaka kujizungusha wote, na ukijizungusha injini itadondoka, shafti itapinda, na giaboksi ya mtamba mzima itakuwa chuma chakavu. Alibana miguu kwenye bampa. Hakuweza kuuzungusha mbele, hakuweza kuufunga, hakuweza kuuachia. Jua lilikuwa limeshachoma. Alisikia Dorkas akitwanga kitu ng'ambo, mwendo mmoja, hatua chache tu. Angesema neno moja angesikika. Akafikiria jina la kuita. Akayapitia yote tisa, mlango kwa mlango kama juzi, na hakuita.

"Usiachie," mtu akasema.

Burito hakuzungukia getini. Alipita katikati ya minyaa, amefumba macho utomvu usimwingie, akatokea na mikwaruzo mikononi. Akashika ncha ya pili ya mpini, akauzungusha duara moja zima, akaufunga kwa fundo la lori. Kabla ya kuwa mtu wa duka alikuwa utingo miaka tisa, njia ya Mwanza.

"Jana niliisikia," alisema. "Sahani imegeuzwa. Wewe nenda chini."

Apolinary akaenda chini. Walifanya kazi bila maneno mengine ila yale ya kazi: panda, shusha, bado, simama. Injini ilisogea. Kutoka chini Apolinary aliona viatu vya Burito tu, vya plastiki, vimepasuka vidoleni. Viatu vikatulia, na sauti ikashuka.

"Siku ile ulijua mnakuja kwangu?"

Mtaimbo ukasimama. "Waliniambia kata kushoto, nikakata. Nilijua tulipofika kwenye kona."

"Kutoka kona mpaka kwangu ni kama hatua mia."

"Mia na ishirini."

Burito akahamisha mguu mmoja, kama mtu aliyeambiwa kitu ambacho hakukiuliza. Kisha akasema, "Ungeweza kuzima."

Apolinary alikuwa na majibu. Alikuwa ameyaandaa miaka minne, ameuambia ukuta na redio: kwamba askari alikaa kiti cha mbele, bunduki magotini, kwamba wangeleta gari jingine, kwamba yeye ni mtu wa kuagizwa. Yote yalikuwa ya kweli. Alitazama tumbo la gari juu ya uso wake.

"Ningeweza," alisema. "Waya niliujua. Niliogopa, Baba Enoka. Sikuzima."

Kamba ililia kidogo juu. Viatu havikuondoka.

"Kule ndani nilikuwaga najiweka mimi kwenye usukani," Burito akasema mwishowe. "Siku nyingine nazima. Siku nyingine sizimi, napita nao mpaka mlangoni." Akakohoa. "Vuta mtaimbo. Naiona sasa hiyo sahani."

Wakaifungua. Ilikuwa kinyume kweli. Burito aliigeuza, akaishika mahali pake mpaka bolti ya sita ikakazwa, na Apolinary aliponyoosha mkono nyuma bila kutazama, spana iliwekwa kiganjani. Wakairudisha injini nyuma. Shafti ikaingia mara ya kwanza. Hawakusema aah. Zilibaki bolti za kuzunguka, rejeta na nyaya, kazi ya mchana mmoja.

Ng'ambo, kinu kilikuwa kimenyamaza. Dorkas alikuwa amesimama kwenye pengo ambalo mume wake alikuwa amelitoboa kwenye minyaa, mikono kiunoni, analikagua kama mtu aliyeibiwa. Akamuuliza Burito nani ataziba hapo, na kama hajui kuku wake watapita wote wahamie. Burito akasema ataziba. Dorkas akasema lini. Burito akasema chakula kimeiva au hakijaiva? Dorkas akasema kimeiva tangu wanapiga nyundo, na yeye hana mume wa kumngojea juani. Burito akapangusa mikono kwenye nyasi, akavuka.

Apolinary alibaki na spana. Alijisogeza pembeni ya gari asionekane anatazama, akaanza kukaza bolti ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Na wewe?" Dorkas akasema.

Apolinary akasema ameshakula, asante.

"Umekula nini, Baba Ursula? Jiko lako halijatoa moshi tangu jana asubuhi, mimi si nakaa hapa? Na wale sato nimesikia harufu yao, waliungua." Akageuka kuelekea mlangoni, akasimama, akageuka tena. "Hayo majivu hapo, sugulia mikono, unawe vizuri, usinipake oili kwenye makochi. Pita hapo hapo alipopita mwenzako, maana mmeshapafanya njia. Mimi mchicha wangu bado tutauongea. Haya, ingia ndani ule, ugali unapoa."